Samaki wa Chini ya Matangi

Mume wangu alipenda samaki bila haya. Kwa hiyo jioni ile aliposukuma sahani ya samaki na kusema ameshiba, nilimtazama mara mbili.

Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitano, nimetoka Masisi kwenye milima ya maharage, nimeolewa Walikale, katika kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka Mpofi. Mume wangu alifanya kazi kwenye kambi ya wafanyakazi iliyokuwa juu ya kijito chetu. Alitunza matangi mawili ya saruji, ambamo maji ya vyoo na mabafu yalitulia hadi uchafu ukae chini, ndipo ya juu yaachiwe kuingia kijitoni. Tope lililobaki alipaswa kulichota kwa ndoo na kulizika.

"Maji inatoka kwangu iko safi kuliko ya mvua," alijivuna.

Katika kijito hicho wanawake waliloweka mihogo, na wakati wa jua kali walilevya samaki. Walipatana siku, wakatwanga majani fulani, wakayamwaga majini, samaki wakaelea. Nyama yao haikudhuru mtu. Lakini kumwaga majani peke yako, bila wenzako, ni wizi.

Asubuhi ya siku ile samaki walielea na hakuna aliyepatana na mtu. Wanawake walinuna, lakini wakaokota, wakala. Mimi sikula. Kwetu milimani sikuwazoea samaki, na kwa hilo nalo nikaja kulaumiwa. Kesho yake mama mkwe wangu na majirani wawili waliharisha hadi wakashindwa kusimama. Mihogo ilitoka majini myeusi, inanuka.

Mgeni kijijini alikuwa mmoja tu.

"Huyu alimwaga majani ya kwabo," mama mkwe alisema kutoka kitandani. "Akubali, ao arudi kwabo."

"Mama, mimi hata majani yenu siyajue," nilijibu.

Mume wangu alisimama mlangoni akichezea kofia yake. Nilikasirika kwamba hanitetei, na hapo ndipo nilipoikumbuka ile sahani.

Tangu siku hiyo sikumwondolea jicho. Yeye ambaye hakuwahi kushika mtungi, sasa alitafuta maji ya kunywa mwenyewe kwenye chemchemi ya mbali. Siku za kuchota tope alirudi na buti kavu. Nilipoichungulia ndoo yake, buibui alikuwa amejenga ndani.

Mama mkwe alipopata nguvu nilimwambia, "Mama, tupande pamoja kule juu. Kama ni bure, nitafunga mizigo yangu mwenyewe."

Tulipanda mchana kweupe. Tulimkuta mume wangu ameinama kwenye tangi, anainua ubao unaoziba tundu la chini, ambao haukutakiwa kuguswa. Tope lote likashuka kijitoni. Kwa ndoo ingekuwa kazi ya siku mbili.

Mama mkwe alimtazama mwanawe, kisha akanishika mkono. Nilidhani ananiomba radhi.

"Mutoto yangu," alisema, "wakijua ni yeye, watamufukuza kazi. Na mimi nitakaa na nani hapa? Weye uko na kwenu."

Juma lile nilirudi Masisi na kikapu kimoja. Mama mkwe aliwaambia wanawake kwamba nimekubali kosa. Na kwa kuwa mwenye sumu ameondoka, walirudi kuloweka mihogo palepale, chini ya matangi.