Jibini ya Kuokota kwa Vidole

Mama mdogo hajui kusema "labda". Enzi zake katika kiwanda cha maziwa, kwenye chumba cha jibini, alikuwa akibonyeza kwa kidole gumba na kutoa hukumu, na hakuna aliyekata rufaa. Kwa hiyo wazazi wa mchumba wa binti yake walipotuma salamu kwamba wanakuja, hakuuliza mtu wapewe nini. "Jibini," alisema. "Ubao mzima, katikati ya meza."

Binti alinuna. "Mama, watasema tumewapa vitafunio."

"Watasema wakiwa wameshiba."

Mimi aliniambia ukweli. Tangu kiharusi kimpate baba mdogo, kijiko na uma humponyoka, na wageni wakija hujifungia chumbani na redio yake. Seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa huu, leo anakimbia sahani. Mama mdogo alikuwa ameichoka hiyo redio. Alimtaka mumewe mezani siku ya binti yao, na kipande cha kushika kwa vidole kilikuwa hakimshindi.

Asubuhi aliutoa ubao mnene ambao mumewe aliuranda kabla hajaugua, ukingo mmoja bado una gome. Jibini alizitoa kwenye friji mapema, maana jibini ikiwa baridi haina la kuuambia ulimi. Ile ngumu aliimegua kwa ncha ya kisu, vipande vya kutosha mdomoni. Ile laini aliipaka kwenye mkate mkavu, akadondosha asali yeye mwenyewe. Korosho na zabibu alizimwaga tu zilale zitakapo.

"Umeikata yote," binti alisema. "Mgeni hukata mwenyewe."

"Wangu hukatiwa."

Wageni walipobisha hodi, mama mdogo alikwenda kufungua. Binti, roho juu kwa sababu mama mkwe mtarajiwa ni mpishi wa hoteli, akapanga haraka uma na visu vidogo kando ya kila sahani. Tukakaa. Baba mdogo akatokea mlangoni, amenyoa, shati limenyooka. Aliviona vile visu akasimama.

"Nyie endeleeni," alisema. "Mimi nitakula baadaye."

Roho iliniuma, nisiseme uongo.

Mama mdogo hakumtazama. Alizunguka meza akiokota uma na visu, akavitumbukiza vyote kwenye mfuko wa aproni. "Mtanisamehe, mwanangu amejisahau. Kwangu jibini huliwa kwa mkono. Chuma kinaiharibu ladha."

Uongo mtupu. Asubuhi nzima alikuwa akiimegua kwa kisu cha chuma, na mpishi wa hoteli hawezi kudanganywa hivyo. Yule mama alimtazama mwanamume aliyesimama mlangoni, akautazama mkono wake uliolegea, kisha akakunja mikono ya gauni.

"Hata jikoni kwetu ni hivyo hivyo," alisema bila kupepesa jicho, akachukua kipande chenye asali na kulamba vidole.

Binti alielewa. Alivuta kiti. "Baba, njoo ukae. Ubao si wako?"

Alikaa. Kipande cha kwanza kilimponyoka, akaokota kingine. Mpishi akamuuliza alifanyaje gome lisibanduke, naye akaanza kueleza mdomo umejaa, akaeleza mpaka zabibu zikaisha. Chumbani redio ilikuwa ikiongea peke yake, na hakuna aliyekwenda kuizima.