Kocha Aliyemwaibisha Baba Yangu

Sijamsamehe. Walioniomba niseme maneno mazuri kwenye kumbukumbu yake wamekosea mtu.

Kwao Ulaya alikuwa na jina. Alichezea timu ya taifa ya mpira wa kikapu zamani hizo, akawa kocha, na uzee ulipomkaribia akaja Dar kufundisha klabu yetu ya Gerezani. Tulimwita Mwalimu. Mimi nilikuwa mfupi kuliko wote, basi akaniweka benchi ubavuni kwake, nimshikie ubao wa kuchorea mbinu. Miaka mitatu.

Siku moja baba alikuja kuniangalia. Baba yangu, Mchaga wa Kariakoo asiyefunga duka hata akiwa na malaria, alifunga duka Jumamosi mchana na kuvaa shati la kanisani. Tuliongoza kwa mbali, hata muuza maji angeingizwa. Mimi sikuingizwa. Baada ya mechi baba alimfuata kwa adabu kuuliza habari zangu, naye akamjibu watu wote wakisikia:

“Mzee, mwanao mpeleke dukani. Huku anatupotezea muda.”

Baba alicheka kicheko cha aibu. Tulirudi nyumbani kwetu Mchafukoge kwa miguu. Hakukanyaga tena uwanjani mpaka anafariki. Hilo ndilo nililotaka kulipiza, kukalishwa benchi ningevumilia.

Mwalimu hakufikiria kwamba mtu anayekushikia ubao anaona kila unachochora na kila ishara unayotoa. Nilihama, nikawa kocha wa klabu nyingine, na mwaka aliotaka kustaafu arudi kwao na kombe, tukakutana fainali. Akigusa sikio, vijana wake wanapita kushoto. Akivuta soksi, mpira anapewa yule mrefu. Hakuwa amebadilisha hata ishara moja! Kila alipogusa sikio, wachezaji wangu walishafika kushoto. Mwishowe aliacha kugusa chochote, akakaa tu. Tuliwachapa, na wachezaji wangu bora sikuwatoa mpaka filimbi ya mwisho.

Akanifuata. “Umejuaje?”

“Shikamoo, Mwalimu,” nikamjibu, nikampita.

Klabu yake ilikuwa imeandaa keki ya kumuaga, yenye kombe la sukari juu. Mshereheshaji, bila kujua lolote, akaniita mbele nilishwe kama kocha mgeni. Mwalimu akanyanyua kipande, akakileta kinywani mwangu. Nilimkazia macho, nikatafuna polepole. Ilikuwa tamu sana. Nikaomba anilishe tena.