Fundi Matone na treni ya mvuke iliyolala miaka miwili

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumapili. Fundi Matone amepiga magoti kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yake, shavu likikaribia kugusa kokoto. Mkononi ana bomba la sindano, lile la hospitali, bila sindano yenyewe. Anasukuma maji taratibu kwenye tundu lililo juu ya kichwa cha treni ambacho urefu wake hauzidi chupa mbili za soda zilizolazwa.

"Mililita mia mbili," anasema bila kuinua uso. "Si mia na tisini. Mia mbili."

Nyuma yake, mkewe amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kiunoni. Binti yao mkubwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, hatua nne kutoka kwenye reli. Pembeni, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba anatazama saa yake.

Fundi anafunga tundu, anakaza nati, anailegeza, anaikaza tena. Kisha anawasha kiberiti. Kijiti cha kwanza kinamzimikia mkononi. Cha pili vilevile.

"Vijiti vinakuzimikia, baba watoto," anasema mkewe.

"Ni upepo."

Upepo haupo. Hata nguo kwenye kamba zimetulia.

Fundi Matone ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa fundi bomba wa hospitali. Lakabu hiyo alipewa na wauguzi: tone likidondoka popote, wodini, maabara au jikoni, anaitwa yeye. Sasa hata mtaani wachache ndio wanaokumbuka jina lake halisi, na mwenyewe haoni sababu ya kuwakumbusha.

Mapenzi yake na mvuke yalianzia kazini. Chumba cha kufulia mashuka kilikuwa na boila kuukuu, mtungi mkubwa wa kuchemshia maji uliosukuma mvuke kwenye mashine zote, na kila wiki ulikuwa na ugonjwa mpya. Fundi aliulaani, akaufunga viraka, akauzoea. Ulipong'olewa na kuwekwa mashine za umeme, alijikuta ana huzuni ambayo hakuweza kumwambia mtu.

"Umeme hausemi," anaeleza. "Upo au haupo, basi. Mvuke unasema. Ukiwa na njaa unalia, ukishiba unanguruma. Nilimkosa mtu wa kuzungumza naye."

Ndipo alipoanza kukusanya vipande vya bomba la shaba vilivyotupwa. Miezi minane baadaye alikuwa na kichwa cha treni, mabehewa matatu, na reli iliyozunguka uwanja: mita ishirini na sita, kati ya mashina ya mchaichai, chini ya kamba ya nguo, na kona kali kwenye tangi la maji.

Treni hiyo haina betri wala waya. Ndani ya kichwa kuna maji, chini yake moto wa spiriti. Maji yakichemka, mvuke husukuma pistoni mbili zenye unene wa kidole cha mtoto, na magurudumu huzunguka. Ni treni kamili, ila imepungukiwa kimo.

Majirani walikuja kutazama. Wengine walicheka kwamba mzee amerudi utotoni. Lakini walipokwisha kucheka waliomba izunguke mara nyingine.

Miezi minne ilipita hivyo. Kisha ikaja Jumamosi moja mchana.

Binti yake mkubwa, mchora mabango ambaye maandishi yake yako juu ya maduka mengi ya mtaa huo, alikuwa amekuja na brashi yake nyembamba kumalizia namba kwenye behewa la mwisho. Treni ilikuwa imesimama lakini moto ulikuwa bado unawaka. Hakuna aliyejua kwamba maji ndani ya boila yalikuwa yamekwisha kiasi cha kuacha shaba ikiungua tupu.

Kiungo kimoja kikaachia. Mvuke ukatoka ubavuni na kumpata binti kwenye mkono wa kulia, kuanzia vidole hadi juu ya kifundo.

"Sikusikia mlio mkubwa," anakumbuka binti huyo. "Nilisikia kama mtu amesema 'shhh', ananinyamazisha. Halafu nikasikia mtu anapiga kelele, kumbe ni mimi."

Baba yake alimpeleka katika hospitali ileile anayofanyia kazi. Alisimama kwenye korido aliyoipitishia mabomba kwa mikono yake, akisubiri daktari atoke. Anasema ndiyo siku pekee aliyopita kando ya bomba linalovuja asilione.

Kwa wiki saba binti hakuweza kushika brashi. Kazi tatu alizokuwa amekubaliana na wateja zikachukuliwa na wengine. Mkono ukapona, lakini ukaacha kovu linalovuta ngozi kila kunapokuwa na baridi.

Fundi Matone alikitia kichwa cha treni kwenye gunia, akakisukuma nyuma ya makopo ya rangi ya zamani. Reli aliziacha zilivyo, majani yakaota juu yake.

Mkewe hakugomba wala kulia. Alitamka sentensi moja tu: "Kidude hicho kisiwake tena kwenye uwanja wangu." Fundi hakubisha. Angebishaje?

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wasemavyo wahenga. Katika nyumba hii birika likipiga mluzi jikoni, fundi alikuwa akiinuka na kutoka nje. Mkewe akaanza kuchemshia maji ya chai kwenye sufuria bila kusema kwa nini.

Kilichomuumiza binti zaidi ya mkono, kwa maelezo yake, ni ukimya. "Baba alikuwa anautazama mkono wangu kabla ya kunitazama usoni. Kila siku. Nikiingia tu, macho kwenye mkono. Hakuniomba radhi, maana hakuwa na pa kuanzia. Na mimi sikujua nimsaidieje."

Mwaka mmoja na miezi miwili ukaisha namna hiyo. Siku moja binti alikuwa akitafuta msasa nyuma ya makopo ya rangi, akakutana na gunia. Alilifungua, akatazama, akalifunga. Kesho yake alirudi na jembe dogo.

Fundi alipotoka kazini alikuta majani yameng'olewa kwenye reli zote. Kando ya kona ya tangi la maji kulikuwa na kitu kipya: stesheni ya mbao za kasha la matunda, ndefu kama kiatu, yenye madirisha, ubao wa ratiba, na saa isiyosogea. Kwenye jukwaa walisimama abiria wenye urefu wa kidole. Mmoja wao alikuwa na spana ya bomba begani na suruali iliyochakaa magotini.

"Nilikaa chini," anasema fundi. "Nilimchukua yule mwenye spana. Ni mimi yule."

Binti yake alimkuta hapohapo. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo hayo sawasawa, ila kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyelia.

"Stesheni ipo, treni haipo," binti alimwambia.

"Na haitakuwapo."

"Hawa abiria niwaambie nini?"

"Waambie wapande miguu."

"Baba, ulikosea kwa sababu hukujua. Basi jifunze."

Mama alipoulizwa alifikiri siku tatu, kisha akatoa sharti: kisiwashwe chochote mpaka mtu anayejua mambo hayo akikague na kuweka sahihi yake. "Na asiwe rafiki yako," aliongeza. "Rafiki atakuonea haya."

Hivyo ndivyo alivyoingia Bi Geji, mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Alikuwa mkaguzi wa maboila ya viwandani mpaka alipostaafu, na inasemekana mameneja walikuwa wakijificha chooni wakimwona getini. Fundi alimpelekea boila lililopasuka likiwa limefungwa kwenye taulo.

Bi Geji aliligeuza mara moja tu.

"Hili umeliunga kwa lehemu ya bati," alisema. "Kama bomba la sinki."

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Kazi yako ni maji baridi. Hapa maji yakipungua, moto unayeyusha bati kama siagi. Hukutengeneza treni, mwanangu. Ulitengeneza ajali ukaipaka rangi."

Fundi anasema maneno hayo yalimchoma, lakini pia yalimtua mzigo. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na sababu, na sababu ina dawa. Kabla ya hapo alikuwa na hatia tu.

Alianza upya kama mwanagenzi. Bi Geji alimfundisha kuunga kwa lehemu ya fedha, inayohitaji moto mkali mpaka shaba iwe nyekundu. Alimfundisha kuweka kioo kidogo cha kuonyesha kiasi cha maji, na vali ya usalama inayojifungua yenyewe presha ikizidi. Boila la kwanza alilizidishia moto likapinda. La pili lilikuwa zuri kwa macho, lakini Bi Geji aligonga kiungo kimoja kwa kucha na kutikisa kichwa.

La tatu lilimchukua miezi mitano, na lilikuwa na viungo kumi na vinne. Lilijaribiwa mezani kwa Bi Geji. Boila hujazwa maji baridi hadi pomoni, kisha husukumwa kwa pampu ya mkono mpaka presha ifike mara mbili ya ile ya kazi. Maji baridi hayalipuki. Kiungo kibovu huvuja tu.

Mshale wa geji, kipimo cha presha, ulipofika pauni sitini na tano, tone moja lilichungulia chini ya boila.

"Miaka thelathini nawinda matone ya watu," anasema fundi huku akicheka. "Siku ile langu mwenyewe likanikonyeza."

Alitaka kuacha. Bi Geji alimrudishia boila na maneno machache: "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Unga tena, urudi Alhamisi."

Alhamisi mshale ulipanda hadi pauni themanini, ukakaa. Walisubiri nusu saa nzima. Mama huyo alipitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, ikatoka kavu mara kumi na nne. Akachukua kalamu, akatia sahihi. Fundi alitoka nje akaegemea ukuta, akipumua kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye kina cha maji.

Wakati huo binti alikuwa akiipamba treni. Vichwa vya ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, mia nne na kumi na mbili alivisukuma kimoja kimoja kwa sindano ya cherehani kwenye bati jembamba. Taa ya mbele ni ushanga. Kutu ya mabehewa ni kutu ya kweli: misumari iliyolowekwa kwenye siki. Kwa sababu ya kovu, sasa anashika brashi chini zaidi, karibu na manyoya ya brashi, na wateja wake wanasema maandishi yake yamekuwa safi kuliko zamani. Yeye hakubaliani nao. "Yamekuwa ya polepole," anasema. "Watu wanachanganya."

Tunarudi Jumapili yetu. Kijiti cha tatu kimewaka. Moto wa spiriti unaonekana kwa shida kwenye mwanga wa jua. Dakika ya kwanza inapita, ya pili, ya tano. Boila linaanza kuguna.

Mshale wa geji unainuka. Kumi. Ishirini. Fundi amehama mahali pake: sasa amechuchumaa kati ya treni na binti yake, mgongo umetanuka kama ukuta.

"Baba, sioni," anasema binti.

Hasogei. Thelathini. Thelathini na nane. Arobaini.

*Pssst!* Mvuke mweupe unachomoka juu. Mama anapiga ukelele jikoni. Binti ameruka kutoka kwenye ndoo na kurudi nyuma hatua mbili, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Fundi amekunjamana pale alipo.

"Tulieni," anasema Bi Geji, bila kuinua sauti. "Hiyo ni vali ya usalama. Inafanya kazi yake."

Vali inajifunga. Mshale unarudi thelathini na tisa, unatulia. Hakuna kilichopasuka.

Binti anavuta pumzi, anarudi, anaipita ndoo, anachuchumaa kando ya baba yake. Fundi anafungua mvuke kidogo, upana wa unywele. Magurudumu yanasita, yanatema maji, yanazunguka. Treni inaondoka: *chu, chu, chu*. Inapita mchaichai. Inapita chini ya nguo. Inakunja kona ya tangi, inaipita stesheni, na abiria wa mbao wanapotelea ndani ya wingu dogo.

"Mwanangu," fundi anaanza. "Ule mkono. Mimi sikuwahi kukuambia. Nisamehe."

"Baba," anasema binti, machozi yakimtiririka huku anacheka. "Treni inatembea. Tazama treni."

Wanaitazama. Inazunguka kwa dakika kumi na nane, mpaka kioo kinapoonyesha maji yamefika kwenye alama nyekundu, na fundi anauzima moto mwenyewe. Mama, ambaye bila mtu kumwona amefika hadi katikati ya uwanja, anaketi kwenye ndoo.

"Leo nitalala," anasema.

Sasa Fundi Matone ana mpango. Reli itaongezwa mita kumi na moja, ivuke mfereji wa maji ya mvua kwa daraja la mawe, na kichwa cha pili kimekwisha kuchorwa kwenye karatasi. Viungo vyake vitaungwa na binti, baba akiwa msaidizi, na Bi Geji ameshasema hatapunguza ukali kwa sababu ya undugu wala uchoraji mzuri. Kwa kazi hiyo fundi ameomba likizo ya siku kumi na mbili, ya kwanza baada ya miaka tisa.

Yuko kwenye mfereji na futi ya kupimia, binti ameshika ncha ya upande wa pili, simu inapolia. Ni mteja wake wa mtaani: bomba linavuja jikoni kwake.

"Shuka chini ya sinki," fundi anamwambia. "Umeiona koki? Izungushe kulia mpaka igome. Limeacha kuvuja? Haya. Nitakuja kesho."

Anaitia simu mfukoni na kuinama tena. "Vuta kidogo," anamwambia binti yake. "Hapo hapo. Sentimita themanini na nne."