Gobori na Ng'ombe Walioitwa Nyumbani

Asubuhi ile tulikuwa tunapura uwele, mimi na mama mkwe. Ukipura uwele makapi yanakuingia shingoni, unajikuna mpaka jioni, lakini ghala lilikuwa linajaa na hatukuwa na neno. Tulikuwa tunakaa hapa hapa Msalato, kando ya njia ya kwenda Kondoa, kwenye tembe la baba mkwe. Tembe la udongo, paa lake bapa, unapanda na kuanika maboga juu. Zizi lilikuwa katikati, nyumba imelizunguka, ng'ombe hatoki bila kupita mlangoni kwenu. Siku hizi mnajenga za bati, mtu akiingia mchana anaiva kama kiazi. Haya, tuyaache ya bati.

Mume wangu, Mhembano, alipanda juu ya paa akaanza kufukua udongo wa kona moja. Mama mkwe akaacha kupura.

"Unafukua nini huko? Unataka mvua itunyeshee ndani?"

"Mvua iko wapi mwezi huu, mama?"

Akashuka na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye ngozi ya mbuzi. Lilikuwa gobori la marehemu baba yake. Mzee alilipata kwa watu wa misafara, wale waliokuwa wakipita na pembe za ndovu kabla reli haijafika Dodoma. Nilivyosikia, alilipiga mara moja tu, alimlenga fisi, na fisi akaenda zake. Mdachi alipoamuru kila mwenye bunduki aipeleke bomani, mzee akasema yake imepotea, akaizika kwenye paa. Mama mkwe alijua. Mimi niliolewa pale, nikatwanga pale, nikamzaa mwanangu Nyemo pale, nimelala chini ya bunduki bila kuambiwa. Lilinikera hilo. Mpaka leo likinijia linanikera.

Vita ilikuwa imeshaanza, Mdachi na Mwingereza. Waligombea nini, sisi hatukuambiwa. Tulichojua ni kwamba askari wa Mdachi walikuwa wakija kuchukua ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na kijana akienda kubeba mizigo harudi. Sasa habari zikatufikia kwamba wanapigwa huko Kondoa, wanarudi nyuma kuifuata reli. Kutoka Kondoa kwenda Dodoma njia ni hii yetu.

"Hawatachukua ng'ombe wa baba yangu kama mtu anavyookota mayai ya kanga," Mhembano akasema. Akaanza kulipaka gobori samli. Samli yangu!

Basi nyumba ile ikawa haina tena maneno mengine. Tukiamka, gobori. Tukila, gobori. Mama mkwe alisema lirudi kwenye paa au litupwe kisimani, kwa sababu Mdachi akikukuta na bunduki ya kuficha anakunyonga. Mhembano alisema mwanamume asiye na silaha ni mwanamke mwenye ndevu. Mama mkwe akamjibu kwamba yeye hana ndevu na amewazika watu wengi wenye silaha. Mlenda ulipoa ukawa kama makamasi, wao bado wanajibizana. Mimi niliulizwa mara moja tu, nikasema, "Lizike, ila ng'ombe waache walipo." Mume wangu akacheka. Akasema sikuulizwa habari za ng'ombe.

Lakini habari ilikuwa ya ng'ombe hasa, na hapa nisimame kidogo niwaeleze, maana wajukuu wa mjini hawajui. Sisi Wagogo, mtu mwenye akili hafungi ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Hawa unampa rafiki, wale unampa mkwe wako. Yeye anawachunga, anakunywa maziwa, ndama wanakuwa wako, na siku moja unamwachia mtamba kwa shukrani. Ugonjwa ukiingia kwako hauwakuti wote. Njaa ikija, una mlango wa kubisha. Ng'ombe wa Mhembano wengine walikuwa Mlali kwa wakwe wa dada yake, wengine Ipagala kwa rafiki yake Chibago. Nyumbani walikuwapo wachache wa maziwa tu.

Gobori lilipotoka kwenye paa, Mhembano akaanza kusema kwamba huko waliko hawana mlinzi. Nani atawatetea Mlali? Chibago ana nini zaidi ya fimbo? Waje nyumbani, hapa kuna bunduki. Unaona jinsi kitu kile kilivyomgeuza kichwa? Ng'ombe walikuwa salama kwa sababu walikuwa wametawanyika, na yeye akawakusanya apate cha kulinda.

Chibago alikuja mwenyewe siku alipopelekewa habari kwamba ng'ombe wanatakiwa. Mtu mrefu, mpenda utani sana. Alilichukua gobori, akachungulia kwenye mdomo wake.

"Mwenzangu, hili linapiga mara ngapi?"

"Mara moja. Halafu unashindilia tena baruti na risasi."

"Na wakati unashindilia, askari wanafanya nini? Wanakaa chini wanakusubiri?"

Mimi nilicheka. Hata mama mkwe alicheka. Mhembano hakucheka.

"Nipe ng'ombe wangu, Chibago."

Hapo utani ukaisha. Chibago akamuuliza kama yeye, Chibago, amewahi kumchinjia hata ndama mmoja kwa siri. Akamuuliza kama wanawe, waliokua kwa maziwa yale, wamewahi kumtukana. Kwetu, kumtaka mtu arudishe ng'ombe bila kosa ni kumwambia mbele za watu kwamba ni mwizi. Mhembano akasema si hivyo, ni sababu ya vita.

"Vita ndiyo sababu ya kuwaacha," Chibago akasema. "Shemeji, mwambie huyu."

Nikamwambia. Mama yake akamwambia. Ilikuwa kama kuuambia ukuta, na ukuta wenyewe una hasira. Ng'ombe wa Ipagala wakaletwa kabla ya wale wa Mlali. Chibago aliwaswaga mwenyewe mpaka kwenye lango letu, akageuka bila kuomba hata maji.

Zizi likajaa. Wa Mlali hawakuwajua wa Ipagala, wakawa wanapigana pembe, ndama wanakanyagwa. Mhembano akaongeza magogo langoni. Kutwa nzima alikuwa juu ya paa na gobori lake, anatazama njia ya Kondoa. Kazi za shamba tukazibeba wanawake.

Walikuja asubuhi, mifugo haijatoka.

Mbele alikuwa shaushi, mkubwa wao, mweusi kama sisi, kofia yake ina kitambaa cha kufunika shingo. Nyuma yake askari wachache, halafu ruga-ruga, wapiganaji wao wa kukodi, waliovaa ovyo, halafu wapagazi waliofungwa kamba shingoni.

"Fungua," shaushi akasema.

Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa. Mimi nilikuwa ndani, Nyemo mgongoni. Mama mkwe akaliendea lango.

"Mama, usiguse hilo lango!"

Shaushi akainua uso. Alikuwa amesikia.

Gobori likalia.

Nyumba nzima ilitikisika, udongo ukatumwagikia. Moshi ukawa mwingi. Risasi ilikwenda wapi, sijui mpaka leo. Hakuanguka mtu.

Waliosikia zaidi ni ng'ombe. Walilivamia lango lile, magogo yakavunjika kama mabua, wakatoka wote kwa pamoja. Ruga-ruga walitanua mikono tu, wakapiga miluzi, wakawakusanya.

Paa la tembe ni fupi. Askari walipomfikia alikuwa bado anashindilia.

Wakamshusha. Wakamlaza mbele ya mama yake, wakampiga hamsa-ishirini, viboko ishirini na vitano. Sikuhesabu, lakini hivyo ndivyo adhabu yao ilivyokuwa ikiitwa, na kiboko nilikisikia. Mume wangu hakulia. Mama mkwe ndiye aliyelia.

Shaushi aliligeuza gobori huku na huku, akacheka sana.

"Mzee, hili ulimwibia Nabii Nuhu?"

Halafu akasema neno ambalo limenikaa tumboni. Alisema kwa mtu asiye na bunduki huwa wanaacha mitamba kidogo, azae tena. "Wewe ulitaka vita. Vita inachukua wote." Sijui kama alisema kweli. Jirani yetu mmoja, hana bunduki wala upinde, alichukuliwa mpaka kuku. Mwingine aliachiwa. Askari anayekimbia hana sheria. Basi siwezi kusema kwamba bila gobori tungebaki na kitu zizini. Ninachosema ni kwamba zizini kwetu wangekutwa wale wachache wa maziwa tu.

Walimfunga mume wangu kamba na wale wapagazi. Wakamtwisha gunia la unga, na gobori wakamning'inizia shingoni, alibebe mwenyewe. Mgongo wake ulikuwa unachuruzika. Alipopita mbele yangu akasema, "Mwambie Chibago..." Ruga-ruga akamsukuma. Akaenda bila kumaliza.

Hakurudi. Wapo waliosema walimwona Kilosa, wapo waliosema alikufa kwa kuhara kabla ya kufika huko. Sina kaburi la kufyeka majani.

Baada yao wakaja Makaburu wa Mwingereza na farasi wao. Farasi wakawa wanakufa njiani, wananuka, na Makaburu nao wakataka nafaka. Uwele tulioupura ukaondoka nao. Halafu mvua ikagoma. Njaa ile hata sitaki kuielezea sana. Tulichemsha ngozi za kulalia tukanywa maji yake. Mama mkwe alianza kumpa Nyemo fungu lake, akidai ameshiba, mpaka asubuhi moja hakuamka. Tangu siku ile ya gobori hakuwahi kusema "nilikwambieni." Ningependa angesema. Tungegombana kidogo, ingetusaidia.

Nikambeba Nyemo nikaenda Ipagala. Chibago alikuwa hai. Wale wa zizini kwake walichukuliwa, lakini aliokuwa amewatawanya kwa rafiki zake wa mbali na njia, baadhi walibaki, na watu walimrudishia wawili anywe maziwa. Alinipa kibuyu bila kuuliza neno. Nikarudi tena, akanipa tena. Mara ya tatu wake zake walikuwa wamesimama mlangoni, na watoto wao tumbo kubwa, miguu kama vijiti. Chibago akanitoa pembeni.

"Shemeji, ng'ombe wa mumeo wangekuwa huku, ningewapeleka mbali pamoja na wangu. Maziwa yangekuwa haki yako, hakuna ambaye angefungua mdomo. Sasa nikikupa wewe, nawanyang'anya hawa."

Alikuwa amesema kweli.

"Aliacha neno lolote kwangu?" akauliza.

Nikamwambia, "Alianza kusema."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chenye maziwa kidogo tu kitakoni, akanipa mbele ya wake zake, na mmoja akaanza kulia kwa sauti. Nilimnywesha Nyemo hapo hapo njiani nisije nikamwaga. Hayakutosha. Alikufa kabla ya mvua kurudi. Chibago alikuja Msalato kunisaidia kuchimba, maana mimi sikuwa na nguvu ya kushika jembe.

Watu wananiambia, bibi, mume wako alikuwa shujaa, aliwapigia Wadachi bunduki. Wengine wananiambia alikuwa mjinga. Nawakatalia wote. Alikuwa mtu aliyeogopa kunyang'anywa, kama mimi nilivyoogopa, kama Chibago. Ila yeye alipata kitu cha kushika mkononi, na mtu akishika kitu hasikii.

Nimeishi sana baada yake. Niliolewa tena, nikazaa tena, nina ng'ombe, na hawako zizi moja. Lakini nikiwa peke yangu napura au napepeta, bado nabishana na Mhembano. Namwambia yote, kwa utaratibu, na sasa nina maneno mazuri kuliko yale ya siku ile. Kila mara namshinda. Namshinda, halafu nanyamaza kidogo nimsikie atakavyojibu.