Sumaku ya Wifi na Chipu ya Paka

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ni fundi cherehani, na amekaa mbele ya cherehani ile miaka mingi mpaka siku hizi nadhani ndiyo inayomwendesha yeye. Akianza kushona hujaza pini mdomoni, kisha hapo ndipo anapotaka mazungumzo. Wateja wake wameshaizoea lugha hiyo. "Mmh-mmh" maana yake mikono irefushwe. "Mmh" moja, nzito, maana yake umenenepa. Bibi harusi mmoja aliitikia "asante" mara tatu akidhani anasifiwa.

Haogopi mtu. Bwana mmoja mkubwa wa ofisi alithubutu kusema upindo wa suruali yake umekwenda upande, na wifi akaufumua papo hapo, bwana akiwa ndani ya suruali. Lakini kuna kitu kimoja kinachomtoa jasho, nacho ni sindano iliyopotea. Alipokuwa msichana anajifunza kazi, ncha ya sindano ilimkatikia kwenye kidole gumba na haikuonekana tena. Yeye anaapa kwamba inatembea. Ilianza kidoleni, ikafika kiganjani, ikahamia kwenye kifundo cha mkono. Mimi namwambia kwa sasa imeshafika sikioni, ndiyo maana nikimwita tuoshe vyombo hasikii. Basi kila alasiri kabla ya kufunga kazi huchukua sumaku aliyoifunga kamba, akaiburuza sakafuni huku na huku kama mtu anayetembeza mbwa, akahesabu sindano zake zote, na isipotimia hesabu, siku hiyo nyumba nzima tunatembea kwa kunyata.

Hana mtoto. Ana paka, anaitwa Kifungo. Paka mnene, mweusi, mrefu usipime. Akipita mlangoni hutangulia masharubu, sisi tunakunywa chai, tunasuuza vikombe, ndipo mkia unafika.

Mwaka jana Kifungo alipotea siku tisa. Wifi hakula, hakushona, alikuwa anaketi tu na subana, kile kikofia cha fundi, kidoleni. Tukamkuta mtaa wa tatu kwa kinyozi, kalala juu ya mto, na kinyozi ameshampa jina jingine.

"Una ushahidi gani kuwa ni wako?" kinyozi akauliza.

"Mtazame sura!" wifi akasema. "Hatufanani?"

Walifanana kweli. Akapewa paka wake. Lakini lile swali lilimkaa rohoni. Kwa hiyo daktari wa wanyama alipobandika tangazo kwamba anawawekea paka na mbwa chipu, kidude chenye namba ya kumjulisha mwenyewe, wifi alikuwa wa kwanza kulisoma, na wa kwanza kuliogopa.

Maana maneno ya watu! Mteja mmoja akaja kupimwa gauni akasema chipu huleta uvimbe. Wa pili akasema huwa inahama, unaiweka mgongoni unaikuta mguuni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema nimesikia kuna mbwa aliwekewa chipu, siku hizi akifungua mdomo unasikia mpira unatangazwa, na timu yake ikifungwa hali.

Wifi hakucheka. "Inahama," alikuwa akirudia, huku akikisugua kifundo chake cha mkono. "Mimi najua kitu kikiingia mwilini kinavyohama."

Tukaenda. Daktari ni binti mdogo, mpole, makoti yake yote yamechanwa na kucha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niambie kweli, mwanangu. Hicho kitu kitatembea?"

Daktari akamwonyesha. Kidude kidogo kama punje ya mchele, hakina betri, kimelala tu mpaka mashine ikiulize namba. "Siwezi kukuapia, mama. Kuna wakati husogea kidogo. Na uvimbe umewahi kuonekana kwa wanyama wachache, wachache sana. Wewe mpapase kila mara. Ukihisi kitu, mlete."

Sasa hapo ndipo daktari alipokosea. Mtu mwingine angeambiwa apapase, angepapasa. Huyu ni fundi. Kwa fundi, kitu kilichopotea hakitafutwi kwa vidole.

Kifungo akachomwa sindano ya chipu kati ya mabega, akapiga kelele moja, basi, akarudi kujilamba. Na kuanzia kesho yake ukaguzi ukaanza. Kila asubuhi, kabla cherehani haijafunuliwa, wifi anamlaza paka mezani na kumpitishia sumaku mwili mzima, mgongo, mbavu, tumbo, mpaka kwenye mkia, taratibu, huku amezuia pumzi.

"Imelala?" namuuliza mlangoni.

"Imelala. Nyamaza usiiamshe."

Nilicheka wiki mbili mfululizo. Nikawaita na majirani waje kucheka, maana kicheko cha mtu mmoja hakitoshi. Kifungo naye aliipenda kazi hiyo, alikuwa anajigeuza mwenyewe kama chapati inayongoja upande wa pili.

Siku ya kumi na tano nikasikia, "Wifi! Wifi njoo! Imefika shingoni!"

Nikaenda mbio, na mimi mbio zangu wajukuu huzionea huruma. Namkuta kashika sumaku chini ya kidevu cha paka, na sumaku imeng'ang'ania. Akiivuta, ngozi inakuja nayo. Kifungo amekunja uso, udenda unamtoka, na chakula cha jana kiko palepale sahanini.

"Nimemuua," wifi akasema. "Kwa miguu yangu nimempeleka akawekewe. Ikishuka kifuani, basi."

Ilibidi kicheko nikimeze, kikashuka kama jiwe. Tukamfunga Kifungo ndani ya gauni la mteja, lilikuwa karibu, tukatoka. Wifi mbele na tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, mimi nyuma, barabara nzima inatupisha. Nasema kweli, gari la zimamoto lilisimama likatupisha.

Kwa daktari wifi hakungoja salamu. "Itoe! Chipu yako imehamia kooni, itoe sasa hivi!"

Daktari akachukua mashine ya kusomea, akaipitisha kooni. Kimya. Akaipitisha kati ya mabega. Ikalia, namba ikatokea.

"Chipu iko pale pale nilipoiweka, mama."

"Na sumaku je? Sumaku inadanganya?"

Daktari akamtazama, akaitazama sumaku, akatazama udenda. Akambana Kifungo kichwa kistaarabu, akamfungua mdomo, akanyanyua ulimi. "Aa," akasema. "Shika tochi."

Chini ya ulimi kulikuwa na sindano, ncha imeingia kwenye nyama ya taya, na uzi mwekundu umejizungusha kwenye ulimi mara mbili. Ilikuwa sindano ya mkono, namba saba. Akampa dawa ya usingizi, akakata uzi, akaitoa sindano taratibu kwa koleo, akaiweka kwenye kibakuli. Ikalia *ting*.

"Angeumeza uzi huu," daktari akasema, "ungemkata utumbo. Umemleta mapema. Hiyo sumaku yako imemwokoa."

 Wifi alikuwa anaitazama sindano. Jana yake alihesabu akapata imepungua moja, akajiambia amehesabu vibaya, kwa sababu mawazo yote yalikuwa kwenye chipu.

"Sasa," daktari akauliza kwa upole, "chipu bado unataka niitoe?"

"Iache, mwanangu. Chipu haina makosa. Wa kutolewa kwenye ile nyumba ni mimi."

Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikadakia, na daktari naye akadakia, tukabaki tunatikisika watatu juu ya paka mmoja aliyelala ulimi nje.

Tangu siku hiyo Kifungo ni marufuku chumba cha kushonea. Mchana anakaa chumbani kwangu, juu ya kitanda changu, na mimi nakaa kwenye kigoda. Wifi kila baada ya upindo mmoja anakuja mlangoni.

"Hodi. Anaendeleaje?"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mama yake."

"Mgonjwa amepumzika," namjibu. "Kaa hapo nje kwenye benchi, utaitwa."

Na anakaa, maskini, mikono magotini, anangoja aitwe.