Birika Ambalo Halikuwemo Kwenye Disketi

Juzi nilikuwa nasubiri barua yangu katika ofisi moja ya miradi ya maji, Manyoni. Mbele yangu mama mmoja, mchoraji wa ramani, alikuwa amekaza macho kwenye kompyuta. Wafadhili wa nje walikuwa wameleta mchoro wa kisima kwenye disketi, mzito hadi mashine inagoma. Kila nati imechorwa na hesi zake, ile mikato ya kuzungusha parafujo, na kibanda cha pampu kina dohani la moshi! Mama anachagua, anafuta.

"Usiguse, mama," mkuu wake akasema kwa hofu. "Huo ni mchoro wa wafadhili."

"Samahani, mzee. Hapa nani ataota moto kwenye pampu?"

Akabonyeza, dohani likatoweka. Mashine ikaanza kwenda. Mkuu akainama, akagusa kioo kwa kidole.

"Na hili birika la kunyweshea ng'ombe, umeliongeza wewe? Halikuwemo."

"Halikuwemo, mzee. Lakini ng'ombe watakuja."

Tangu soko la nchi lifunguliwe kwa bidhaa za nje, tunapokea kila cha kutoka nje na kuona aibu kukipunguza. Lakini mkuu yule akauliza, kwa sauti ya chini, kama birika haliwezi kuongezwa urefu kidogo.