Sidiria Sita Darajani

Mama mwenye mtoto mchanga akija kwenye meza yangu hapa sokoni Kamembe, simwulizi anataka rangi gani. Namwambia amshushe mtoto mgongoni, amshike mbele, nimwone vizuri. Wengi huwa wameshakamata sidiria ya waya, nyekundu, yenye maua, ndogo kuliko wao. Nawapokonya. Waya hukandamiza titi kwa chini, na titi lenye maziwa halitaki kukandamizwa. Nawapa ya pamba, yenye mikanda mipana, inayofunguka kila upande peke yake na kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili una mtoto. Iwe kubwa kidogo: vidole viwili vipite chini ya mkanda wakati maziwa yamejaa, siyo baada ya kunyonyesha. Anayebishana namfukuza. Wanasema nina mdomo mchafu lakini nina jicho, kwa hiyo wanarudi. Jicho hilo nililipata wapi, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Miaka ile mitumba ilipopandishiwa ushuru, sisi wachuuzi wa caguwa, kama tunavyoziita nguo hizo, tulibaki na njia moja. Asubuhi tulivuka daraja la Ruzizi kwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tukiwa wembamba, mchana tukarudi wanene. Kila mwanamke alivaa mali yake mwilini: sketi tatu, blauzi nne. Mali yangu mimi ilikuwa sidiria, na afande wa kike pale mpakani alikuwa ameshajifunza kutubonyeza kifuani kwa kiganja. Mtu wa umri wangu, kifua kimeshalala, hawezi kuota kipya kwa asubuhi moja.

Ndipo mke wa mdogo wangu akajifungua. Alikuwa msichana wa kijijini Nyakarenzo, binti wa wakulima, mpole hadi anaudhi, na aliniita Yaya, yaani dada mkubwa. Nilikwenda kumhemba, yaani kumpelekea mzazi chakula na pongezi kama ilivyo desturi yetu, na nikambebea unga wa mtama wa uji. Wageni wengine walimtazama mtoto. Mimi nilitazama kifua cha mama yake, kilivyojaa, nikajua nimepata mtu wa kunivushia mali.

Arobaini ilipoisha nilimfuata. Mdogo wangu hakuwa na kazi wakati huo, akakubali kabla mkewe hajafungua mdomo. Mimi nilizaa wanne na hakuna aliyenihurumia, kwa hiyo sikuona kwa nini huyu ahurumiwe.

Nilimvalisha upande wa Bukavu, katika chumba cha mchuuzi mwenzangu. Sidiria sita, moja juu ya nyingine, ndogo kabisa ndani, kubwa nje, zote za waya, maana za waya ndizo zilizokuwa zinanunuliwa haraka. Ile ya ndani niliifunga nikiwa nimemwekea goti mgongoni. Kisha nikampa sharti: mtoto asinyonye tangu tunapoamka hadi tuwe tumerudi Kamembe. Mtoto mwenye njaa hulia, na yule afande hakuwa na moyo wa kumpekua mama ambaye mtoto wake analia. Hiyo ilikuwa akili yangu mwenyewe na niliionea fahari.

Mambo yalikwenda vizuri. Mtoto alilia darajani hadi sauti ikakatika, afande akageuza uso, akatupungia mkono tupite. Tulivuka hivyo mara tatu kwa wiki.

Tatizo likawa maziwa. Mtoto akilia, maziwa humtoka mama bila kuitwa, na mali yangu ilikuwa inalowa. Sidiria za ndani zilifika nyumbani na madoa na harufu ya kuchacha. Nilimwambia ni mchafu. Nikamkunjia vitambaa na kumshindilia ndani, vikazidi kumbana. Mbele ya wachuuzi wenzangu nilimtania kwamba ng'ombe wa kwao wana adabu kuliko yeye. Walicheka, naye akacheka kidogo, maana alikuwa bado mgeni kwetu.

Wiki ya nne, tukiwa katika chumba kile, alisimama blauzi ikiwa wazi, hakunyoosha mikono nimvalishe.

"Yaya, hii ya kushoto iko naniuma," alisema. "Iko moto sana. Na miye niko nasikia baridi."

Niligusa. Lilikuwa gumu kama muhogo mbichi, na ngozi imekuwa nyekundu pale waya zilipokuwa zinalala. Ningependa kusema sikujua. Nilijua. Kila mwanamke aliyenyonyesha anajua kwamba titi likifika hapo unafungua kila kitu, unampa mtoto, unakanda kwa maji ya moto. Lakini mzigo wa siku ile ulikuwa mkubwa na wateja walikuwa wananingoja.

"Vaa," nilimwambia. "Bamama bote banaumwa. Wewe si wa kwanza."

Akavaa. Goti langu halikuhitajika. Alijifunga mwenyewe huku ameuma pindo la kitenge. Darajani mtoto alilia, na mama akalia naye, na afande akatupitisha upesi kuliko siku zote. Nilifurahi. Nilifikiria hata kumwambia awe analia kila safari.

Siku ya tatu hakuweza kuinua mkono. Kituo cha afya walimpasua jipu, na usaha ulijaza beseni. Muuguzi aliuliza ni nini kilichombana namna ile. Nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi. Mgonjwa alijibu kwamba alililalia vibaya, na alisema hivyo akinitazama mimi, bila hasira. Afadhali angenitukana. Titi la kushoto lilikauka, likabaki shimo na kovu. Mtoto alikua kwa titi moja na uji mwepesi, na hadi leo ni mdogo kuliko wenzake.

Wala sikutubu. Nilitafuta mwanamke mwingine, wa kisiwa cha Nkombo, nikamvusha naye. Nilichojifunza nilikiweka kwenye biashara: nikaanza kuuza sidiria za wanaonyonyesha, na sifa zikaja.

Mwaka jana mke wa mdogo wangu alikuja mezani kwangu, na mtoto wa pili mgongoni, akakaa kwenye foleni kama wengine. Alichagua mwenyewe ya pamba, akapima vidole viwili chini ya mkanda. Kisha akanirudishia.

"Yaya, unishonee upande wa kushoto, usifunguke tena," alisema. "Mutoto akiuona wazi anaukimbilia, ananyonya, anakosa, analia."

Nikachukua sindano. Nilishona mara mbili, nikavuta uzi hadi ukakaza. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akauliza kama huo ni mtindo mpya, naye akamjibu, kwa upole wake uleule, kwamba ni modeli ya Yaya. Sikuinua uso mpaka alipoondoka.